Ratiba ya vikao vya kijiji na kata: namna ya kuipanga ili mkutano wa wananchi usije baada ya uamuzi

Chukua kalamu uhesabu. Halmashauri ya kijiji hukaa kila mwezi: vikao 12. Mkutano mkuu wa kijiji hukutana kila baada ya miezi mitatu: 4. Halmashauri ya kijiji ina kamati tatu za kudumu (fedha, uchumi na mipango; huduma za jamii na shughuli za kujitegemea; ulinzi na usalama), na kila moja ikikaa mara moja kwa mwezi unaongeza 36. Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo wengi tunaiita WDC tu, ikikaa kila robo ni vikao 4 vingine. Tayari una 56, na mwaka una wiki 52. Hujagusa kamati ya shule, kamati ya zahanati, chombo cha watumia maji, uhakiki wa walengwa wa TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii), wala mgeni wa wilayani anayepiga simu saa 12 jioni kwamba kesho anataka kuongea na wananchi. Na karibu vikao vyote hivyo vinamhitaji mtu yule yule, mtendaji wa kijiji, awe katibu au angalau awepo.

Ndiyo maana vikao hugongana hata pale ambapo hakuna mzembe. Mwongozo huu ni wa watendaji wa vijiji na kata, wenyeviti, madiwani, na mwananchi anayetaka kujua kwa nini mkutano wa kijiji chake hauitishwi, au unaitishwa siku ambayo hakuna mtu. Mifano ni ya halmashauri za wilaya za Tanzania Bara, chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura 287. Mijini kuna mtaa badala ya kijiji, na vipindi vya vikao vinatofautiana, lakini kazi ya kupanga ni ile ile.

Migongano ya aina nne

Wa kwanza kila mtu anaujua: vikao viwili siku moja, saa moja. Wa pili ni wa mtu: vikao viko saa tofauti au vijiji tofauti, lakini mwenyekiti, mhasibu au afisa ugani anatakiwa kote. Wa tatu ni wa maisha ya watu: mkutano umeangukia siku ya mnada, siku ya ibada, au wiki ya kupanda.

Wa nne ndio mbaya kuliko yote, kwa sababu kwenye kalenda hauonekani kabisa. Ni mgongano wa mtiririko. WDC inakaa Alhamisi na kuandika kwamba wananchi wameridhia eneo la kujenga ghala. Mkutano mkuu wa kijiji unaokusudiwa kuridhia unakaa Jumamosi ya wiki inayofuata. Hakuna saa iliyogongana hapo, kila kikao kimekaa kwa nafasi yake na posho imelipwa. Lakini wananchi wanaulizwa maoni juu ya jambo lililokwisha kupelekwa wilayani. Anayesimama kupinga anaambiwa "limeshapita", na mkutano unaofuata hatokei.

Kwenye ardhi kosa hili lina uzito wa kisheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Kikao cha halmashauri kikikaa tarehe 6, mpima akaja tarehe 8, mkutano mkuu ukakaa tarehe 15, tarehe hizo tatu zinatosha kuwa ushahidi wa mlalamikaji. Hahitaji shahidi mwingine.

Kwa hiyo ukipanga ratiba, anza na mtiririko. Saa na ukumbi utavipata baadaye.

Hatua ya 1: Orodhesha vikao, halafu orodhesha watu

Tafuta karatasi ya manila na kalamu za rangi tatu. Kompyuta si lazima. Ratiba iliyofungiwa kwenye kompyuta ya ofisi ya kata haimsaidii mwenyekiti wa kitongoji.

Andika kila kikao upande wa kushoto, hata kile unachodhani hakikuhusu. Mbele ya kila kimoja andika nani mwenyekiti, nani katibu, wajumbe wangapi, na kinapeleka taarifa wapi. Safu hii ya mwisho ndiyo watu huiruka, nayo ndiyo inayoonyesha mtiririko. Kamati ya shule, kwa mfano, katibu wake ni mwalimu mkuu, lakini ikitaka michango ya wazazi au nguvu kazi ya kijiji jambo hilo lazima lipite halmashauri ya kijiji. Kamati ya zahanati ni hivyo hivyo kwa mganga mfawidhi.

Kisha geuza karatasi uandike majina ya watu, na mbele ya kila jina vikao vyake. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe 15 hadi 25, lakini utagundua wanne au watano ndio wamejaa kila mahali: mwenyekiti, mtendaji, mama mmoja anayeaminika na fedha, mwalimu mstaafu. Hao ndio watakaokukwamisha, kwa hiyo chora duara jekundu kwenye majina yao. Vikao viwili vyenye duara jekundu moja haviwezi kuwa siku moja, labda kimoja kiwe asubuhi na kingine alasiri, tena katika kijiji kimoja.

Ukikuta mtu yuko kwenye kamati tano, tatizo lako si la ratiba. Mpunguzieni.

Hatua ya 2: Weka alama siku zisizoguswa

Hapa ndipo ratiba nyingi hufia. Zinatengenezwa na mtu anayeishi kwa saa za ofisi kwa ajili ya watu wasioishi kwa saa za ofisi.

Sikukuu za serikali ni rahisi: ziandike zote. Kumbuka hasa 14 Oktoba, Siku ya Nyerere, kwa sababu huangukia katikati kabisa ya kipindi ambacho vijiji vinasoma hesabu za robo ya kwanza. Kuna 9 Desemba pia, na 12 Januari wakati wa mipango ya bajeti. Idi hutegemea mwezi, kwa hiyo acha siku mbili wazi kila upande. Ramadhani husogea nyuma kama siku 11 kila mwaka. Mwaka 2027 inatarajiwa kuanza mapema Februari, wakati halmashauri nyingi ziko kwenye vikao vya bajeti. Mkutano wa saa 9 alasiri hadi saa 12 jioni ndani ya mfungo ni kuwafukuza watu kwa upole.

Siku za ibada ziulize kijijini, usizibuni. Kijiji chenye Wasabato wengi hakina Jumamosi. Ijumaa inafaa kabla ya saa 5 asubuhi au baada ya saa 9 alasiri. Kisha mnada au gulio. Msiitishe mkutano siku ya mnada kwa hoja kwamba "watu wamekusanyika tayari". Wamekusanyika kuuza mbuzi. Watasikiliza dakika kumi, na wanaopiga kelele za bei watakuwa wengi kuliko wanaopiga kura.

Pwani, kuanzia Tanga hadi Mtwara, angalieni maji. Bamvua, yaani maji kujaa na kupwa sana, huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku hizo maji hukauka kabisa karibu na saa 4 asubuhi. Hiyo ndiyo saa ya pweza, chaza na mashamba ya mwani, kazi ambazo wengi wake ni wanawake. Ofisi nazo zinapenda saa 4 asubuhi. Mkutano wa saa 4 siku ya bamvua utakuwa na wanaume wachache barazani, na muhtasari utaandika kwamba kinamama hawana mwamko. Hesabu siku saba tangu mwezi mpevu, upange wakati wa maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo.

Kando ya Ziwa Victoria hesabu inageuka. Wavuvi wa dagaa hutumia taa usiku wa giza, kwa hiyo mchana wake wamelala au wanaanika. Mbalamwezi ikiwa kali hupumzika. Siku mbili tatu kuzunguka mwezi mpevu ndizo zenye watu.

Kwa wakulima, sehemu zenye misimu miwili zina vuli ya Oktoba hadi Desemba na masika ya Machi hadi Mei. Kanda ya kati, kusini na magharibi mvua ni moja, kama Novemba hadi Aprili. Wiki ya mvua ya kwanza hakuna mkutano. Hata mwenyekiti yuko shambani, na ana haki. Wakati wa palizi, alasiri ndiyo saa, asubuhi ni ya jembe. Kanda ya korosho, siku ya mnada wa chama cha ushirika watu wanafuata bei huko, na mapato na matumizi yenu yatangoja.

Hatua ya 3: Anza na Baraza, rudi nyuma

Mwombe mkurugenzi, kupitia mtendaji wa kata, ratiba ya vikao vya halmashauri ya mwaka mzima. Halmashauri inayo, kwa sababu bila hiyo haiwezi kupanga posho. Humo mna tarehe za Baraza la Madiwani kila robo, na kamati zake za kudumu: Fedha, Uongozi na Mipango; Uchumi, Ujenzi na Mazingira; Elimu, Afya na Maji; pamoja na Kamati ya Kudhibiti UKIMWI. Kamati ya Fedha hukaa kila mwezi, nyingine kwa robo.

Tarehe ya Baraza ukishaijua, hesabu kurudi nyuma. Tuseme halmashauri imepanga Baraza la robo ya kwanza (Julai hadi Septemba) siku ya Jumatano 11 na Alhamisi 12 Novemba 2026. Halmashauri nyingi hutumia siku ya kwanza kupokea taarifa za kata na ya pili taarifa za kamati. Mnyororo unakuwa hivi:

- Alhamisi 1 Oktoba: hesabu za kijiji za robo zinafungwa, stakabadhi zinalinganishwa na benki.
- Ijumaa 2 Oktoba: kamati ya fedha, uchumi na mipango ya kijiji.
- Jumanne 6 Oktoba: halmashauri ya kijiji.
- Alhamisi 8 Oktoba: tangazo la mkutano linatoka, mapato na matumizi yanabandikwa ubaoni.
- Alhamisi 15 Oktoba: mkutano mkuu wa kijiji. Jumatano 14 ni Siku ya Nyerere, msiiguse.
- Jumatatu 19 Oktoba: muhtasari uliosainiwa unafika ofisi ya kata.
- Alhamisi 22 Oktoba: WDC.
- Jumatatu 26 Oktoba: taarifa ya kata inafika kwa mkurugenzi.
- Jumatano 28 Oktoba: menejimenti ya halmashauri.
- Jumatatu 2 hadi Jumatano 4 Novemba: kamati za kisekta.
- Alhamisi 5 Novemba: Kamati ya Fedha.
- Jumatano 11 Novemba: Baraza.

Ni siku 41 tangu kufunga hesabu hadi Baraza, na siku 27 tangu wananchi wanene hadi madiwani waamue. Msishushe hizo 27 chini ya 21. Ukizibana zaidi, kinachokatwa ni muhtasari: mtendaji ataandika taarifa ya kata kabla ya mkutano mkuu, kwa ahadi kwamba "nitarekebisha". Harekebishi.

Sehemu nyembamba kuliko zote ni kati ya 15 na 22 Oktoba. Mkutano mkuu ukiahirishwa siku nne tu, WDC inakaa bila sauti ya kijiji hicho. Kwa hiyo kila robo tenga siku moja ya akiba kati ya mkutano mkuu na WDC. Kwenye mfano huu Jumamosi 17 Oktoba inafaa, kama haina mnada wala Wasabato. Iandike kwenye ratiba tangu mwanzo kwa jina hilo, "siku ya akiba", ili isipangiwe semina.

Robo ya Oktoba hadi Desemba ina mzigo wa ziada: vipaumbele vya bajeti ya mwaka unaofuata unaoanza 1 Julai. Mabaraza hupitisha bajeti kati ya Januari na Machi hivi, na Bunge la bajeti huanza Aprili. Kijiji kinachofanya Fursa na Vikwazo (zoezi la wananchi kuibua mipango yao) Februari kinajaza daftari tu. Vipaumbele vya wananchi viwe vimefika kata kabla ya mwisho wa Novemba.

Hatua ya 4: Tumia siku ya wiki, si tarehe

"Kila tarehe 15" itaangukia Jumapili, kisha mnada, kisha Ijumaa. "Jumanne ya kwanza ya mwezi" haisumbui. Ndani ya mwaka mmoja watu wanaizoea, na hata tangazo likichelewa kuna watakaokuja. Mpangilio unaofanya kazi vijiji vingi: kamati Ijumaa ya mwanzo, halmashauri ya kijiji Jumanne inayofuata, mkutano mkuu Alhamisi ya wiki ya pili au ya tatu ya robo. Siku za kijiji chako zinaweza kuwa nyingine. La maana ni zisibadilike.

Hatua ya 5: Patanisheni vijiji vya kata moja

Mtendaji wa kata aite watendaji na wenyeviti wa vijiji mara moja kwa mwaka, Juni, saa tatu zinatosha. Kila mmoja aje na karatasi yake ya manila. Kata ikiwa na vijiji vitano, mikutano mikuu yote mitano haiwezi kuwa Alhamisi 15 Oktoba, maana diwani ni mmoja, afisa ugani ni mmoja, na afisa maendeleo ya jamii ni mmoja. Gawaneni dirisha: Jumatatu 12, Jumanne 13, Alhamisi 15, Ijumaa 16, Jumamosi 17. Kijiji chenye mnada Jumanne kichague kwanza, kisha chenye barabara mbaya, mwisho kile kilicho jirani na ofisi ya kata, kwa sababu hicho kinafikika siku yoyote. Mwenye Jumamosi 17 akubali siku yake ya akiba iwe Jumatatu 19, na muhtasari wake ufike kata Jumanne.

Waalikeni pia mwalimu mkuu, mganga mfawidhi na mwenyekiti wa chombo cha maji. Vikao vyao ndivyo vinavyoibuka ghafla.

Hatua ya 6: Tangazo

Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, lakini mbiu haisemi jambo lenyewe. Tangazo zuri lina saa ya kuanza, saa ya kumaliza, mahali pa mvua, na ajenda ambayo mtu anaweza kuitafakari nyumbani. Mfano:

"MKUTANO MKUU WA KIJIJI. Alhamisi 15 Oktoba 2026, saa 8:00 mchana hadi saa 10:30 alasiri. Mahali: mwembe wa ofisi ya kijiji, mvua ikinyesha, ghala la ushirika. Ajenda: (1) Kumbukumbu za mkutano uliopita na yaliyotekelezwa. (2) Mapato na matumizi Julai–Septemba. Karatasi imebandikwa ubaoni tangu tarehe 8. (3) Kuamua eneo la ghala jipya: kando ya barabara au nyuma ya shule. (4) Vipaumbele vitatu vya bajeti ya 2027/28. Kura itapigwa kwa ajenda ya 3 na 4."

Linganisha na lile la kawaida: "Wananchi wote mnatangaziwa kuwa kutakuwa na mkutano muhimu. Kukosa bila sababu ni kosa." Hilo la pili halimpi mtu sababu ya kuacha shamba.

Libandikwe siku saba kabla: ofisi ya kijiji, zahanati, kisima kikuu, duka linalouza vocha, na kila kitongoji. Wenyeviti wa vitongoji watangaze mdomo kwa mdomo, msikitini Ijumaa na kanisani Jumapili kabla ya siku yenyewe. Kipaza sauti kwenye bodaboda kipite mara mbili: jioni ya siku moja kabla, na asubuhi yenyewe. Kundi la WhatsApp ni nyongeza tu. Usilihesabu kama tangazo, wazee na kinamama wengi hawamo. Kitongoji cha mbali kikiwa zaidi ya saa moja kwa miguu, kipelekewe tangazo siku mbili mapema zaidi.

Hatua ya 7: Vikigongana hata hivyo, nani apishe?

Vitagongana. Kanuni iwe hii, na iandikwe kwenye muhtasari wa halmashauri ya kijiji ili isibishaniwe kila mara: kikao chenye watu wachache ndicho kinachopisha. Kamati ya watu saba inahamishwa kwa simu saba. Mkutano wa watu 300 hauhamishwi kwa simu. Watafika, watakuta pamefungwa, watarudi, na mara ya pili watakuja 120. Desturi yetu ni kinyume kabisa: kamati yenye posho inabaki, mkutano wa wananchi unasogezwa.

Msiba ni jambo jingine. Msiba wa kijijini huahirisha mkutano, hakuna mjadala, na siku ya akiba ndipo inapotumika. Tangazeni siku mpya pale pale msibani, watu wote wapo.

Ziara ya kiongozi ndiyo inayoharibu ratiba nyingi kuliko jambo lolote. Simu inaingia, mtendaji anaunganisha: "tuna mkutano mkuu kesho, mgeni ataukuta". Ukiunganisha umepoteza mkutano mkuu. Watu watakuja kusikiliza hotuba na kutoa kero, ajenda ya mapato na matumizi itasomwa kwa dakika tano kabla ya mgeni kufika, na kwenye muhtasari itaandikwa imepitishwa. Heri mgeni apewe mkutano wake wa hadhara siku nyingine. Ikishindikana, maliza ajenda zenye kura kwanza, funga mkutano rasmi, soma maazimio, kisha mkaribishe mgeni. Mahudhurio mawili, mihtasari miwili.

Mikutano ya vyama vya siasa nayo isichanganywe na ya kijiji kwa namna yoyote, hata kama wasemaji ni wale wale na mwembe ni ule ule.

Hatua ya 8: Siku yenyewe na baada yake

Dakika 150 zinatosha ukizigawa: kumbukumbu 10, mapato na matumizi 30, eneo la ghala 45, vipaumbele 45, kusoma maazimio 10, na 10 za kupotea. Vyenye kura viishe kabla ya saa 10 na robo alasiri, kwa sababu baada ya hapo kinamama wanaondoka kuchota maji na kupika, na kura inayopigwa saa 11 ni ya waliobaki. "Mengineyo" isizae uamuzi. Likiibuka jambo zito huko, liandikwe kuwa ajenda ya mkutano ujao.

Maazimio yasomwe kwa sauti kabla watu hawajatawanyika: nani afanye nini, lini. Muhtasari uandikwe ndani ya siku tatu, usainiwe na mwenyekiti na katibu, nakala moja ibandikwe. Kila azimio lipewe namba ya kikao na mwaka, na WDC ikilijadili itaje namba hiyo. Bila namba, hakuna atakayeweza kufuatilia hoja ya kijiji ikifika wilayani, na diwani atasema hakuipata.

Kwenye mahudhurio kuna mtego. Ratiba ikigongana, watu hushawishika kujaza karatasi ofisini. Mkaguzi wa ndani halazimiki kufika kijijini kuligundua: anaweka mihtasari miwili ya tarehe moja mezani, anakuta jina lile lile limesaini kamati ya fedha saa 4 asubuhi na kikao cha kata saa 4 na nusu, kilomita 12 kutoka hapo. Au anakuta mkutano mkuu "umeridhia" tarehe iliyo baada ya WDC iliyokwisha pokea ridhaa hiyo. Kikao kisipokaa, andika hakikukaa na sababu. Barua ya maelezo ni nyepesi kuliko hoja ya ukaguzi.

Kama wewe ni mwananchi

Omba kuona ratiba ya mwaka ya kijiji. Kama haipo, hilo ni jibu tayari. Uliza mambo matatu: mkutano mkuu wa robo hii ni lini, WDC ni lini, Baraza ni lini. Kama tarehe ya kwanza iko baada ya ya pili, sema sasa, usingoje siku ya mkutano. Mwandikie mtendaji wa kijiji, nakala kwa mtendaji wa kata, utaje tarehe zote tatu na uombe WDC isogezwe au mkutano uwahishwe. Barua fupi, iliyogongwa muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, ina nguvu kuliko maneno ya mwembeni. Taarifa ya mapato na matumizi isipobandikwa, iombe kwa maandishi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa mwenye taarifa siku zisizozidi 30 kujibu.

Baraza la Madiwani unaruhusiwa kuhudhuria na kusikiliza. Kamati zake huwa ni za wajumbe na waalikwa, kwa hiyo neno lako lifike kwa diwani kabla ya wiki ya kamati. Ukimfuata siku ya Baraza, makabrasha yamekwisha kuchapwa.

Kabla ya kuchora ratiba mpya

Rudi kwenye karatasi ya manila. Kila kikao kilichoahirishwa kizungushie rangi nyekundu, uandike sababu kwa maneno mawili: msiba, ziara, mvua, akidi. Kisha hesabu kwa siku ya wiki. Jumanne ya kwanza ikiwa imeahirishwa mara tano kati ya kumi na mbili, ihamishe. Ikiwa sababu ni "akidi" mara tano, chukua orodha ya mahudhurio uone ni nani kati ya wale wenye duara jekundu kwenye majina yao hakuwepo.